KISENYI TUNAYOIJUA
Hotuba ya walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache juu ya Kisenyi, kwa kuwa kila muhula vijana wetu wanaaga kwenda Kampala, na mzazi akisikia jina hilo anawaza wezi tu. Wezi wapo, hatukatai. Lakini mtaa ule una asili yake.

Kisenyi iko bondeni, chini ya vilima vya Mengo na Nakasero. Zamani haikuwa ndani ya Manispaa ya Kampala. Ilikuwa sehemu ya Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, na masharti ya ujenzi ya mjini hayakuibana. Kwa hiyo mgeni mwenye senti chache aliweza kupata chumba. Wataalamu Southall na Gutkind, walioichunguza miaka ya 1950, waliwakuta Waganda wakiishi humo pamoja na watu wa makabila mengi. Mwaka 1968 Kibuga kiliunganishwa na Kampala, ila desturi ya kupangisha wageni haikukoma. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, ndugu zetu Wasomali waliokimbia walipata mahali pa kuanzia.

Sisi tuliopita pale twapajua. Chumba cha kupanga huitwa muzigo, na kweli ni mzigo mwisho wa mwezi ukifika! Mashine za kusaga mahindi zaunguruma kutwa, unga unatua juu ya nguo zilizoanikwa. Duka la Msomali liko ubavuni mwa kibanda cha Mganda, na wakishindwana kwa Kiganda, Kiswahili kinawapatanisha. Majirani hawakutuuliza kabila letu. Waliuliza kama tunaweza kubeba gunia.

Sasa tuseme wazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, kwa masharti yake. Lakini chakula cha msaada hutolewa huku. Anayehamia mjini kwa kawaida hujitegemea, na mwenye nyumba hangoji. Tumeona watoto wenye akili wakiacha darasa la saba ili wakabebe magunia.

Hatumzuii mtu. Tunaomba kijana afanye kwanza mtihani, kisha aende kwa mtu anayemfahamu, akiwa na kadi yake mfukoni. Wanaotaka kuondoka muhula huu waje tuzungumze nao leo hapa shuleni, baada ya chakula, pamoja na wazazi wao.