Ahadi ni Deni, Hata kwa Mwenye Bomu

Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, ni mapatano ya pande mbili. Nchi zisizo na bomu ziliahidi kutolitafuta na kukubali kukaguliwa. Wakubwa watano wenye nalo, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, wanabanwa na ahadi ya kujadiliana kwa nia njema ili silaha hizo ziondolewe.

Korea Kaskazini ilijiunga mwaka 1985. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipofika Yongbyon mwaka 1992, walikuta hesabu za plutoni zilizotangazwa hazilingani na sampuli zao. Wakaomba kukagua maeneo mawili zaidi, wakakataliwa. Machi 1993 Pyongyang ikatangaza kujitoa, kisha ikasitisha. Januari 2003 ikatangaza tena, na safari hii haikurudi nyuma. Oktoba 2006 ikalipua bomu la majaribio. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa imelipua sita.

Mkataba wenyewe unaruhusu nchi kujitoa kwa taarifa ya miezi mitatu. Lakini mweka hazina wa chama cha kuzikana akidaiwa mahesabu, kisha akajibu kwamba amejiondoa chamani, je, wanachama watasema yamekwisha?

Wapo wanaouliza: mbona wakubwa hawaulizwi? Swali hilo ni la haki. Duniani bado kuna silaha za nyuklia zaidi ya elfu kumi, nyingi zikiwa za Marekani na Urusi. India, Pakistan na Israel hazikutia saini kabisa. Hata hivyo, deni la jirani halifuti deni lako.

Afrika inaweza kulisema hili bila haya. Machi hiyohiyo ya 1993, Rais de Klerk alilieleza bunge la Afrika Kusini kwamba nchi yake iliunda mabomu sita, ikayavunja, na ndipo ikajiunga na Mkataba mwaka 1991. Wakaguzi walifunguliwa milango. Mwaka 1996 nchi za Afrika zikatia saini Mkataba wa Pelindaba, kulifanya bara letu lisiwe na silaha hizo.

Kwa maoni yangu, Pyongyang idaiwe, na wakubwa nao wadaiwe, kwa daftari lilelile. Mdai asiyelipa lake hukosa nguvu ya kugonga mlango wa mwenzake.