Hesabu Mbili za Serikali Inayoaminika



Nimeombwa nizungumze juu ya serikali imara yenye kujali maendeleo, na namna inavyowajengea wananchi imani katika demokrasia. Mada hii ni njema, lakini ina mtego wake. Katika nchi yetu maneno haya mawili, utulivu na maendeleo, yaliwahi kufanywa kufuli ya kuifungia demokrasia nje. Mwaka 1982 Bunge liliongeza kifungu cha 2A katika Katiba, na KANU ikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, na mistari mifupi ikatangazwa kuwa ndiyo mirefu, mchana peupe. Aliyelalamika alikumbushwa msemo uliovuma wa Rais Moi: siasa mbaya, maisha mabaya. Maana yake ilikuwa wazi. Wewe lima, soma, changia harambee. Mambo ya utawala tuachie sisi.

Ule ulikuwa utulivu wa kimya. Nyumba ambayo watoto hawathubutu kuuliza si lazima iwe na amani. Huenda ina hofu tu. Na nyuma ya kimya hicho hazina ilichotwa. Katika kashfa ya Goldenberg, mapema katika miaka ya 1990, mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa ajili ya dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa ng'ambo.

Basi hoja yangu ni moja. Serikali hujenga imani ya wananchi kwa kutoa hesabu mbili: hesabu ya kura na hesabu ya fedha. Ikitoa moja na kuificha nyingine, imani haisimami.

MAENDELEO BILA HESABU YA KURA

Tujitazame wenyewe kwanza. Desemba 2002 tulibadilisha serikali kwa kura. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje wakaingia darasani. Uchumi uliokuwa umedumaa ukanyanyuka, hata mwaka 2007 ukakua kwa takriban asilimia 7. Ungedhani taifa lenye neema hiyo limesalimika.

Lakini Desemba ya mwaka huo huo kura zilijumlishwa kwa namna ambayo mwananchi hangeweza kuihakiki. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Huko Kiambaa, karibu na Eldoret, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani waliteketezwa humo humo. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza uchaguzi huo mwaka 2008, ilieleza kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda.

Vidonda vya ardhi na ukabila vilikuwapo kabla ya hapo, lakini hesabu mbovu ndiyo iliyovitonesha. Asilimia 7 ya ukuaji haikutosha kununua imani ya siku moja.

FUNZO LA BOTSWANA

Sasa tuitazame nchi ya Kiafrika iliyojaribu njia nyingine. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, yenye takriban kilomita 12 tu za barabara ya lami. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa, katika eneo la Wangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe, naye alikuwa wa ukoo wa machifu wao. Tunajua jinsi mambo hayo yangekwenda kwingineko. Lakini sheria ya mwaka 1967 iliyaweka madini mikononi mwa taifa zima, si mikononi mwa kabila ambalo ardhi yake imeyaficha. Mipango ya maendeleo ilijadiliwa Bungeni, na katika kgotla, yaani baraza la kijiji, maofisa waliwaeleza raia makusudio ya serikali na kusikiliza lawama zao. Barabara, zahanati na shule zilizojengwa kwa fedha hizo zilikuwa haki ya raia, hata yule aliyeupigia upinzani kura.

Tusiwafanye malaika. Serikali hiyo iliwahamisha Wasan kutoka hifadhi ya Kalahari, na ilihitaji hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2006 kutamka kwamba walionewa. Chama kimoja kilitawala kwa miaka 58, pengo kati ya tajiri na maskini likabaki kubwa, na vijana wengi wakakosa kazi. Lakini hapo ndipo mizani ilipopimwa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 chama hicho kiliporomoka hadi viti 4 kati ya 61 vilivyogombewa. Rais Masisi alikubali kushindwa hata kabla hesabu haijakamilika, na Duma Boko akaapishwa. Hapakuchomwa nyumba wala kanisa. Wananchi waliochoshwa na serikali hawakuichoka demokrasia, kwa sababu waliamini kwamba karatasi zao zingehesabiwa. Hilo ndilo tunda la serikali imara: kwamba inaweza kuondoka, na nchi ikabaki.

HESABU ZETU

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 haikumwekea mtu chakula mezani. Ilimpa haki ya kudai hesabu. Inataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi, na inazitengea kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa maneno mengine, zahanati ya Turkana au Kwale haipaswi tena kuwa zawadi ya mkubwa.

Katika hesabu ya kura tumepiga hatua. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais. Mwaka 2022 fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 zilianikwa hadharani, na yeyote aliyetaka aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, lakini walalamishi walikwenda kortini, hawakwenda msituni. Tofauti ya 2007 na 2022 haikuletwa na utajiri. Ililetwa na karatasi zilizoonekana.

Katika hesabu ya fedha tumechechemea. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, kisha wakaingia barabarani kuuliza kodi zao huenda wapi. Makumi yao waliuawa. Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo, lakini waliokufa hawarudi. Wapo waliowaita vijana hao maadui wa utulivu. Mimi nasema mwenye kudai hesabu ndiye rafiki wa utulivu. Adui ni yule anayezificha.

WAJIBU WETU

Ndugu waumini, hapa na sisi tuna deni. Mara ngapi mwanasiasa amekuja na bahasha ya kuezeka kanisa, nasi tukampa mimbari bila kuuliza fedha zilitoka wapi? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha michango ya wanasiasa, ukiwamo wa Rais. Mfano huo ufuatwe. Paa linaweza kungoja, dhamiri haingoji.

Kisha twende kwenye vikao vya bajeti za kaunti zetu, maana aliyekosa kikao hana budi kupokea alichoamuliwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zisomwe katika vikundi vya parokia na vya mitaa, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa. Na siku ya uchaguzi tusirudi nyumbani mara tu wino ukaukapo kidoleni. Tusimamie haki mpaka matokeo yabandikwe mlangoni mwa kituo.

Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote, akawataka waseme kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au punda wake, au kupokea rushwa. Hakungoja kulazimishwa, na watu wakamshuhudia kuwa mikono yake ni safi. Viongozi wa namna hiyo ni wachache. Kwa hiyo tusingoje wajitokeze. Tuwaulize wote, wa serikali na wa upinzani, tena tuwaulize mapema.

Mungu aibariki Kenya.