Alizeti: Sufuriani au Tangini?

Sogeeni karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya swali linalozuka kila alizeti inapovunwa huku kwetu, kuanzia Kongwa hadi Bahi: “Mashine ya kukamulia ninayo, pikapu ya dizeli ninayo. Kwa nini nikanunue dizeli mjini, na mafuta yamejaa madumuni nyumbani?”

Swali ni zuri. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Ufaransa, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata pikapu yako ukiitia alizeti huenda ikawaka, ikakufikisha mnadani. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Mafuta ya alizeti ni mazito mno. Yamimine uone yanavyotiririka polepole. Nozo za injini hazirushi ukungu tena, zinarusha matone, na matone hayaungui yote. Masizi hugandamana kwenye nozo, ringi za pistoni hunata, na mafuta mengine huteremka kuharibu oili ya injini. Mwishowe injini inafunguliwa, na wewe unauza magunia umlipe fundi.

Je, biodizeli ni nini basi? Ni mafuta ya mimea yaliyochanganywa kiwandani na methanoli na kostiki soda. Gliserini hutuama chini ikaondolewa, na yanayobaki husafishwa. Huko Ulaya dizeli ya kawaida huruhusiwa kuwa na biodizeli hadi lita 7 katika kila lita 100, na magari ya abiria hutembea nayo bila taabu. Masizi yake ni machache. Lakini jamani, msijaribu nyumbani! Methanoli ni sumu. Inapofusha na inaua, na mvuke wake hushika moto upesi.

Sasa tupige hesabu. Nchi yetu bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje, kwa hiyo alizeti yako ina mnunuzi. Uliza bei ya lita dukani, kisha uliza bei ya dizeli kituoni. Ikiwa ya kula iko juu, kama ilivyokuwa miaka ya karibuni, basi ukiyatia tangini unachoma faida yako.

Na akija mtu kuwashawishi mwache alizeti mpande mbono wa dizeli, kumbukeni Kisarawe. Mwaka 2009 kampuni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi kwa kilimo hicho. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Mbono hauliwi, na mashudu yake ni sumu kwa mifugo. Mashudu ya alizeti ng'ombe anakula.

Kama shida yako ni moshi mweusi, dawa ipo. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa ya dizeli hadi sehemu 50 katika milioni. Nunua dizeli kituoni, si kwenye dumu la njiani. Kagua chujio la hewa mara kwa mara, maana vumbi letu mnalijua. Badilisha filta ya dizeli na oili kwa wakati, na nozo zipimwe na fundi.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, alizeti iende sufuriani na sokoni, dizeli iende tangini. Hadi wiki ijayo, kwaherini.