Milango ya Moyo, Damu Inayoganda na Suala la Dharura



Wazee wangu, ndugu na dada zangu katika imani. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake (s.a.w.), napenda kuzungumzia maradhi ambayo wengi hatujapata kuyasikia, ilhali yumkini yamekwisha kuvunja nyumba miongoni mwetu.

Ni maradhi ya antifosfolipidi, aliyoyaeleza Dkt. Graham Hughes wa London mwaka 1983. Kingamwili, ambazo ni askari wa mwili, huasi na kuifanya damu igande ndani ya mishipa. Mwanamke mwenye maradhi haya huweza kuharibikiwa mimba mara kwa mara. Watu husema amerogwa, na mume hushauriwa amwache, na hali tiba ipo! Huo ni ujahili.

Nao moyo hausalimiki. Milango yake ya upande wa kushoto, hasa ule wa mitrali, hunenepa na kuota vijinundu. Mlango usipofunga sawasawa damu hurudi nyuma, na mgonjwa huhema kwa kupanda ngazi tu. Baya zaidi, kipande kikimeguka kikafika ubongoni huwa kiharusi, hata kwa kijana wa miaka 30.

Aliyekwisha kupatwa na donge la damu hupewa warfarini, kwa kawaida maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Mjamzito hapewi, kwani humdhuru mtoto tumboni. Yeye huchomwa sindano za heparini na kupewa aspirini kidogo. Hapa ndipo penye mushkeli: heparini nyingi hutokana na utumbo wa nguruwe. Je, aache?

La, asiache. Aya ya 173 ya Sura Al-Baqara imemwondolea dhambi aliyefikwa na dharura, na dharura gani iliyo kubwa kuliko roho mbili? Amwulize daktari kama iko badala. Ipo fondaparinuksi, isiyotokana na mnyama, lakini haipatikani kila mahali, na uzoefu wa kuwapa wajawazito ni mdogo. Ikikosekana, achomwe heparini.

Ama warfarini, hunywewa mara moja kwa siku. Mwenye kufunga kwa idhini ya daktari aweza kuinywa baada ya futari. Dawa za miti shamba zaweza kuibadili nguvu yake, basi anayezitumia asimfiche daktari.

Wabillahi tawfiq.