Neno "Interest" na Maana Zake



Neno la Kiingereza "interest" lina maana nyingi. Kwa mwalimu ni hamu ya mtoto kwa somo lake. Kwa wakili ni fungu la mtu katika ardhi au shirika. Kwa mtetezi wa raia ni maslahi yao. Katika hayo hamna ubaya. Lakini katika karatasi ya mkopo neno hilo hilo ni riba, iliyoharimishwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 275. Wengine hulifasiri "faida", jina liwafaalo wafanyao biashara ya halali. Basi atiaye sahihi na aulize kwanza: nyongeza hii ni pato la kuuza mali, au ni malipo ya kungojewa deni? Jina zuri halihalalishi haramu.