Mtoto wa Mfanyakazi na Kazi ya Udaktari wa Meno
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niwaeleze njia ambayo mtoto wa mfanyakazi aweza kuifuata mpaka awe daktari wa meno. Mimi si daktari. Mimi ni mzazi aliyepoteza nafasi kwa kutojua, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Mwanangu wa kwanza alipoingia kidato cha tatu aliniuliza aache somo gani. Nikamwambia aache Biolojia, ashike Biashara, apate kazi upesi. Alifaulu vizuri, kisha akataka kusomea udaktari wa meno. Tukatazama masomo yanayotakiwa: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi ndimi niliyeufunga.

Basi jambo la kwanza ni hili: maombi hayaanzi siku ya kujaza fomu. Yanaanza siku mtoto anapochagua masomo. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 katika mtaala mpya yawapasa kushika mkondo wa sayansi, na Biolojia na Kemia ziwemo. Tena alama ya C+ yamruhusu mtu kuingia chuo kikuu tu. Kwa udaktari wa meno nafasi ni chache, na alama zinazotakiwa ni za juu zaidi.

Maombi ya kupangiwa nafasi hupitia KUCCPS. Mkopo wa HELB huombwa mbali, nao hulipwa baadaye. Mtu akikujia na kusema ana rafiki ndani, umpe kitu kidogo, usimpe. Fedha hiyo ni ya karo na vitabu.

Jambo la pili ni mafunzo yenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha kazi hii mwaka 1974, na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret hufundisha pia. Masomo ni miaka mitano. Kwanza mwanafunzi hujifunza mwili mzima, si meno tu. Kisha huzoeza mikono yake kutoboa na kuziba meno ya sanamu. Halafu huletewa wagonjwa, naye huwatibu mwalimu akimtazama. Atapiga sindano ya ganzi, atang'oa, ataziba, atapima meno ya bandia. Hii ni kazi ya mikono kama ya fundi yeyote hapa. Mwenye kudharau ufundi hataiweza.

Asiyefikia alama za digrii asikate tamaa. Chuo cha KMTC hufundisha kwa diploma maofisa wa afya ya kinywa, na pia mafundi wa kutengeneza meno ya bandia.

Jambo la tatu latuhusu sisi wa chama. Baada ya digrii kuna mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, ndipo mtu apate kuandikishwa na Baraza la madaktari. Katika mwaka huo kijana hutibu wagonjwa kweli, naye astahili malipo ya kweli. Mkataba wa 2017 uliweka Sh. 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikataka kulipa Sh. 70,000. Chama cha KMPDU, ambacho ni cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kiligoma tangu Machi 14 mpaka Mei 8, siku 56. Walirudi kazini shauri hilo likiwa halijaisha, na mpaka Desemba mwaka huo ndipo Serikali ilipokubali kurudia mkataba. Hata aliyesoma sana, ndugu zangu, akiwa peke yake ni mnyonge mbele ya mwajiri.

Leo binti yangu yuko kidato cha tatu. Aliponiuliza habari ya masomo sikumjibu upesi. Tulikwenda pamoja kwa mwalimu wake, tukauliza, tukaandika. Biolojia anayo, Kemia anayo. Kama atapata nafasi au hatapata, hilo ni jasho lake; lakini safari hii mlango haukufungwa na baba yake.

Nanyi mkirudi nyumbani leo, waulizeni watoto wamechagua masomo gani. Kuuliza si ujinga.