Njaa Si Dhambi: Mhadhara juu ya Sheria ya Mungu na Matamanio ya Mja



Nimepewa wasaa wa kunena juu ya maudhui ambayo wanazuoni wa Kikristo wameyachimba tangu karne ya kwanza, nayo ni uhusiano uliopo baina ya sheria ya Mwenyezi Mungu, matamanio ya mja wake, na dhambi. Na lau mhadhara huu ungalitolewa katika mji mwingine, pengine ningalianza na vitabu. Lakini sisi tumekusanyika Kilifi, na hakuna mtu wa pwani hii awezaye kulizungumza jambo hili kwa uadilifu asiutaje msitu wa Shakahola, ulioko bara ya Malindi, ambako tangu Aprili 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, za watoto nyingi miongoni mwazo. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba aghalabu walikufa kwa njaa, na baadhi yao walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Paul Mackenzie, aliyekuwa mhubiri wao, alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake, wakakana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Kazi yangu mimi ni kuyatazama mafundisho yaliyosimuliwa na manusura: kwamba mwisho wa dunia u karibu, na kwamba atakaye kumlaki Yesu aiache shule, aiache hospitali, kisha akiache chakula chenyewe.

Juni 2023 manusura wapatao 65, waliokuwa wamehifadhiwa katika kituo cha uokoaji, walikataa chakula walichoandaliwa, wakapelekwa mahakama ya Shanzu kushtakiwa kwa kosa la kujaribu kujiua. Naomba tusimame kidogo hapo. Sahani imewekwa mbele ya mtu ambaye nyama ya mwili wake imekwisha. Mwili unakiomba kile kilichomo, kwa kuwa ndivyo ulivyoumbwa. Dhamiri, iliyokwisha kufinyangwa, inamwambia kwamba kuunyosha mkono ni kumwasi Mungu. Na nyuma ya sahani imesimama dola, ikimwambia kwamba asiponyosha mkono atakuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomhesabu ajaribuye kujiua kuwa mkosaji, ni kinyume cha katiba, nami naona ilitamka haki. Walakini lile fundo la ndani, la mtu aliyeaminishwa kwamba njaa yake ni dhambi, halifunguliwi na jaji. Lilifungwa kwa maneno ya dini, na kwa maneno ya dini litafunguliwa.

Twende basi kwa Mtume Paulo, kwa sababu yeye ndiye aliyelitia mkono fundo hili kabla yetu. Katika waraka wake kwa Warumi anaungama kwamba asingeijua tamaa kama sheria isingemkataza kutamani, na kwamba dhambi ilipopata nafasi kwa amri ile ile ikaamsha ndani yake kila namna ya matamanio. Amri anayoitaja ni ile ya mwisho katika zile kumi, ambayo peke yake yatazama moyo, ilhali nyingine zatazama mkono na ulimi. Wengi wameisoma na kudhani kwamba imekataza kutamani kabisa. Hasha! Imekataza kutamani kilicho cha jirani: nyumba yake, mkewe, mtumishi wake, ng'ombe wake. Amri ile inamlinda jirani. Haikumkataza mtu mke wake mwenyewe, wala ng'ombe wake, wala chakula chake, wala haikusema kwamba moyo usiotaka kitu ndio ulio safi. Na Paulo, baada ya maungamo hayo mazito, hakuilaumu sheria wala hakuulaumu mwili kwa kuumbwa kwake. Aliilaumu dhambi, iliyoitwaa sheria njema ikaifanya chombo cha mauti. Kwa Shakahola sijui maelezo mengine yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, ndiye aliyeyapima matamanio kwa undani kuliko wote, naye amelaumiwa, na kwa sehemu nakubali, kwa kuitia shaka kila raha ya mwili hata wafuasi wake wakaona haya kuwa na miili. Lakini tazameni ile dhambi ya ujana wake aliyoililia kurasa nyingi katika kitabu chake cha Maungamo: kuiba matunda ya mti wa jirani usiku pamoja na vijana wenzake. Hakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa nayo yaliyo bora zaidi, na yale ya wizi waliwatupia nguruwe. Kilichomtisha ni kwamba alitenda uovu kwa kuupenda uovu, akishikwa na furaha ya kuwa pamoja na kundi. Karne nyingi baadaye Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1546, ulifundisha kwamba mwelekeo wa tamaa unaosalia ndani ya mbatizwa, ijapokuwa umetokana na dhambi na humvuta mtu kwenye dhambi, hauwi dhambi yenyewe. Martin Luther na Waprotestanti wenzake walikuwa na kauli kali zaidi. Lakini hakuna hata upande mmoja uliowahi kufundisha kwamba kiu ya mtoto ni uasi.

Wazee mlio hapa mnamjua mgema. Hupanda mnazi asubuhi na jioni, akalifunga kwa kamba lile shada la maua likiwa bado ndani ya karara, akalikata ncha kidogo kidogo, ndipo utomvu ukatona kibuyuni. Akilegeza kamba, shada hupasuka na tembo hapati. Akiukata mnazi, hapati tembo wala nazi. Sheria ya Mungu huyafunga matamanio namna hiyo, bila kuukata mti. Nakiri kwamba wamisionari wangalishangaa kuusikia mfano huu, maana tembo kwao ilikuwa ya kukemewa vikali, lakini mgema anaijua kazi yake.

Wala kanisa halikukosa onyo juu ya mafundisho kama yale ya Shakahola. Katikati ya karne ya nne maaskofu walikutana Gangra, Asia Ndogo, kuwajibu wafuasi wa Eustathius wa Sebaste, waliokuwa wakiidharau ndoa, wakifunga hata siku ya Bwana, na wengine wakiwatupa watoto wao kwa kisingizio cha uchaji. Maaskofu waliwalaani wazazi hao waziwazi. Na jirani zetu Waislamu, ambao kwao mfungo ni nguzo, humpa ruhusa mgonjwa na msafiri, na magharibi ikiingia wote hufuturu.

Hata hivyo sisi Wakristo wa pwani tunalo la kujiuliza. Tangu wamisionari Krapf na Rebmann walipojenga misheni Rabai, mwaka 1846, mahubiri mengi yamezihesabu dhambi kwa kuyatazama mambo ya nje: kinywaji, ngoma, idadi ya wake. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 waliazimia kwamba mwenye wake wengi asibatizwe. Ikapita miaka 100 kamili ndipo, mwaka 1988, wakakubali abatizwe pamoja na wakeze na watoto wake walioamini, kwa sharti asiongeze mke. Katika karne hiyo yote watu walijifunza kwamba sheria ya Mungu ni orodha iliyo mkononi mwa mhubiri. Na tamaa ambayo mahubiri hayo yaliigusa kwa nadra ni ile ya mhubiri mwenyewe: tamaa ya kutiiwa. Hiyo ndiyo niionayo kuwa ya hatari kuliko tembo na ngoma, maana huvaa joho la sheria, nayo huishika ile shauku bora kuliko zote, shauku ya mja kumwona Mola wake, ikaitumia kama kamba ya kumfungia.

Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hii hii. Kwa hiyo nawasihi wachungaji, mapadre na wahubiri mlio katika ukumbi huu, na walimu wa dini katika shule zetu: Kwaresima ijayo, kabla ya kutangaza mfungo, fundisheni madhabahuni kwamba mfungo wa Kikristo una siku yake ya kuisha, kwamba mtoto, mjamzito na mgonjwa hawadaiwi, na kwamba mtu akiamriwa kwa jina la Yesu kumnyima mwanawe maji, aondoke kanisani humo saa ile ile, amchukue mtoto wake, na aende polisi.